Matawi Mbele ya Geti la Kolin

Juzi nilikuwa naenda stesheni nikakuta vijana wa manispaa wanapogoa miti ya barabarani, lori lao limewashwa pembeni linawasubiri. Harufu ya majani mabichi ya mkaratusi ikachanganyika na moshi wa dizeli, na mimi mtu mzima, mkoba wa kazini begani, nikasimama katikati ya njia nikavuta pumzi mpaka mmoja wao akaniuliza kama niko salama. Nilikuwa salama kabisa. Nilikuwa nimerudi St Marys, nina miaka kumi na moja, na babu yangu yuko barabarani anavunja sheria hadharani.

Nawaandikia hasa wa rika langu, ninyi mliosoma shule mkiwa mmevaa shati la sare juu na suruali ya kulalia chini, mwalimu anawaambia mzime maiki na mbwa wa mtu anabweka darasani. Tuliofungiwa majumbani na korona huku St Marys, upande wa magharibi wa Sydney, Australia, tulikuwa na mambo yetu. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na wanajeshi walikuwa wakigonga milango kuangalia kama watu wamo ndani. Mama yangu, ambaye alishawahi kukimbia wanajeshi wa vita kule Burundi, alifunga mapazia na kutuambia tuongee taratibu. Nilimwona anaogopa kupita kiasi. Siku hizi simlaumu.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu: mimi, Mama, na Babu, yaani baba yake Mama. Baba yangu alifariki tukiwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla sijajua kutembea. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, aliondoka kabla hakujapambazuka na kurudi amechoka mpaka anakula amesimama. Babu alikuwa amestaafu udereva wa malori. Kirundi kwake kilikuwa cha kusali na cha misibani. Kiswahili kilikuwa cha barabara, na kwa kuwa alikuwa mtu wa barabara, nyumba nzima iliongea Kiswahili. Mimi kabla ya kufungiwa nilikuwa nakielewa na kujibu kwa Kiingereza, nikijiona mjanja. Lakini ukikaa na mtu mmoja tu kutwa nzima, na mtu huyo hajui Kiingereza hata cha kuombea chumvi, utasalimu amri. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata miezi ile, jikoni.

Jirani yetu wa kushoto alikuwa mzee wa Kizungu aitwaye Kolin, mgane, mrefu, anavaa kaptula hata kwenye baridi ya Julai. Uani kwake, nyuma ya geti lenye mnyororo, kulikuwa na lori la Kiingereza la zamani, Bedford ya kijani yenye boneti ya mviringo na taa mbili zilizotuna. Ujanani alisafirisha sufu na ngano kutoka nyanda za ndani, anavuka milima mpaka bandarini, kwa lori kama lile. Alipostaafu akatafuta jingine, akalinunua likiwa gofu, akalifufua. Zamani alikuwa akilipeleka kwenye mikusanyiko ya wazee wenzake wapenda malori. Sasa mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku, lori halina pa kwenda, lakini kila asubuhi baada ya chai alipanda, akaliwasha, akalipasha moto, akakanyaga mafuta kidogo, kisha akalizima na kulifunika turubai.

Asubuhi ya kwanza Babu alipousikia mngurumo ule alikuwa anakunywa uji. Kijiko kikasimama hewani. "Bedford," alisema. Akasikiliza tena. "Ya dizeli." Akanyanyuka na kwenda dirishani, na uji ukapoa.

Ndipo nikajua maisha ya babu yangu. Aliendesha Bedford ya mfanyabiashara mmoja wa Kigoma, anabeba chumvi ya Uvinza na mapipa ya mafuta ya mawese, anapeleka Kasulu, Kibondo, na mara nyingine mpaka Tabora. Masika yakiwakuta njiani walilala chini ya lori, wanapika ugali hapohapo, wanangoja tope likauke. Alijua kila korongo na kila mama ntilie. Alisema kuna mlima ambao lori lilikuwa likipanda polepole kiasi kwamba tingo wake alishuka, akachuma maembe, akaosha, akala, na kulikuta lori mbele kidogo tu ya pale alipoliacha. Sikumwamini hata kidogo, nikamwomba arudie.

Baada ya hapo kila asubuhi Babu alivuta kiti dirishani kabla Kolin hajatoka. Injini ikiwaka, mguu wake wa kushoto ulishuka taratibu kukanyaga klachi isiyokuwepo. Mkono wa kushoto ulitafuta gia hewani. Alikanyaga, akatoa gia, akaachia, akakanyaga tena, akaingiza, kama malori yale yalivyotaka, na midomo yake ilikuwa inanguruma chini chini. Kuna siku alipinda kona nzito nikaona mwili wote umelalia upande mmoja. Nilikaa na kompyuta ya shule mapajani nikimtazama badala ya kumsikiliza mwalimu, na nilihisi raha na hofu vyote kwa pamoja.

Hofu niliipata kwa Mama. Alimkuta Babu katika safari hizo siku yake ya mapumziko, akasimama mlangoni muda mrefu, kisha akanivuta jikoni.

"Kazini kuna bibi anakamua ng'ombe kila asubuhi," aliniambia. "Ng'ombe hayupo. Ndivyo inavyoanza."

Nikamwambia Babu anacheza tu. Akaniuliza kama najua Babu aliacha sufuria jikoni mpaka ikaungua. Nilijua. Akaniuliza kama najua kwamba Babu hawezi tena kutaja siku wala mwezi. Nilijua pia. Mama akasema shule zitafunguliwa siku moja, mimi nitaondoka, yeye yuko kazini, na Babu atabaki peke yake. Akianguka je? Akitoka akapotea, na hajui hata kuuliza njia? Pale kazini kwake kulikuwa kumepatikana kitanda kimoja. Kilichobaki ni mtu wa huduma za wazee kupiga simu, kumuuliza Babu maswali na kupima akili yake, yeye aliita assessment, kisha wangeamua. "Angalau nitamwona kila siku," alisema, na machozi yakamtoka huku anaosha vyombo. Mama hakuwa na roho mbaya. Alimpenda baba yake, na alikuwa amebanwa kila upande.

Lakini mimi nilikuwa nimeona taarifa ya habari. Nilikuwa nimeona wazee nyuma ya vioo, na watoto wao wamesimama nje kwenye bustani wakiweka viganja kwenye dirisha. Nilijua kwa uhakika wote wa mtoto kwamba anayeingia kule hatoki. Nikakata shauri: Babu yangu haendi popote, na kama akili zinamruka, basi zitaruka ndani ya nyumba hii na mimi nitazifunika. Nikaanza kumfundisha tarehe kila asubuhi kama mwalimu mkali. Nilimuuliza leo ni siku gani, akajibu ni siku ya kufungiwa. Nikamuuliza na jana je? Akasema hata jana ilikuwa ya kufungiwa. Kusema kweli alikuwa sahihi, ila nilijua jibu hilo halitatufikisha mbali.

Wakati huohuo yeye na Kolin walikuwa wameshaanza kuzungumza juu ya uzio, kila mmoja upande wake, barakoa zimeshuka kidevuni. Mwanzoni mimi ndiye niliyevusha maneno. Kolin aliuliza Babu alishukaje mlima akiwa na mzigo na breki za zamani zile. Babu akasema unashuka na gia ileile uliyopandia, na usiwe na haraka. Kolin akapiga uzio kwa kiganja, akasema bosi wake wa kwanza alimwambia hivyohivyo. Babu akauliza kama na wao kule nyanda za ndani walilala chini ya lori kukimbia jua. Walilala. Siku chache baadaye hawakunihitaji tena. Mmoja alinguruma, mwenzake akaonyesha kwa mkono gia ipi, wakacheka mpaka wakakohoa, kisha wakatazamana kwa wasiwasi kwa sababu siku zile kukohoa haikuwa mchezo. Kolin alijifunza neno moja la Kiswahili, "dereva", na ndilo likawa jina la babu yangu.

Ikafika siku ya simu. Mama aliniachia maagizo usiku wa kuamkia siku hiyo: simu niiweke sauti ya juu, nitafsiri maneno ya Babu kama yalivyo, nisiongeze langu, na yeye angejiunga nasi kutoka kazini wakati wa mapumziko ya chai. Asubuhi nilimvalisha Babu koti lake la kanisani, nikamkalisha, nikamkumbusha tarehe, nikamwomba kwa heshima zote asiendeshe kitu chochote mpaka simu iishe. Akakubali. Nikaingia darasani, yaani nikafungua kompyuta na kuvaa vipokea sauti.

Kolin aliwasha lori kama kawaida. Mimi sikusikia chochote, nilikuwa na hesabu masikioni. Baadaye niliinua macho nikaona Babu amesimama katikati ya sebule, kichwa kimeinama upande mmoja, nikafungua sikio moja.

"Hajaizima," alisema.

Nikaweka kidole mdomoni kumwonyesha niko darasani. Alinitazama, akachukua kofia, akatoka. Kupitia ukuta nilimsikia akiita huko uani, "Kolini! Dereva!" kisha kimya. Nilidhani wameanza soga zao. Nikaomba tu zisiwe ndefu.

Nilipotazama dirishani tena, babu yangu alikuwa mbele ya nyumba, ndani ya koti la kanisani, ananing'inia kwenye tawi la mkaratusi wa manispaa. Tawi likakatika. Akalikokota mpaka barabarani, akaliweka chini mbali kidogo na geti la Kolin. Akarudi, akavunja jingine, akaliweka karibu zaidi. Halafu jingine, upande wa pili. Akayapanga vizuri, majani yakitazama magari yanakotoka, akarudi nyuma kukagua kazi yake.

Nilielewa mara moja, na nilielewa vibaya. Koti la kanisani, matawi mabichi yametandikwa njiani. Kwetu kila mwaka kabla ya Pasaka tunatembea kwenda kanisani na matawi mikononi, na wazee huyatandika mlangoni. Babu anadhani leo ni Jumapili ya Matawi. Ilikuwa katikati ya wiki, katikati ya baridi, makanisa yamefungwa, na simu ya kupima akili yake ilikuwa inakaribia kuita. Nikavua vipokea sauti nikatoka mbio na soksi.

Gari moja lilikuwa linayakwepa matawi, dereva anatutikisia kichwa. Mtu aliyekuwa anatembeza mbwa alisimama upande wa pili na kusema kwa sauti kwamba miti ile ni ya manispaa. Nikamwomba radhi, nikainama kuokota tawi la kwanza, na simu mfukoni mwangu ikaita.

Ilikuwa sauti ya mama mmoja mpole. Aliuliza kama mzee yuko karibu. Nikasema yuko bafuni. Nimesema uongo mwingi tangu hapo lakini ule ulitoka laini kuliko wote. Akasema hana haraka, atasubiri kwenye laini. Nikaibana simu kifuani kwa kiganja na kumwambia Babu kwa kunong'ona, huku nalia, kwamba leo si Jumapili, hakuna maandamano, turudi ndani tafadhali watamchukua.

Babu akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Akanishika bega na kunigeuzia kwenye geti la Kolin.

"Sikiliza," alisema.

Nikasikia injini. Ilikuwa inanguruma vilevile, haipandi wala haishuki.

"Injini hiyo haizimwi kwa ufunguo," Babu alisema. "Kuna kamba ndani, lazima mtu akae pale aivute. Kolin angekuwa pale angekuwa ameshaivuta. Nimemwita haitiki, na geti lina mnyororo. Magoti yangu hayawezi ukuta huu. Mwenzangu amekwama."

Nikamuuliza sasa matawi ni ya nini. Akasema matawi ni ya wanaopita. Gari likikwama barabarani unavunja matawi, unaweka nyuma na mbele, na dereva yeyote akiyaona anajua kuna mwenzake ana shida, anasimama. Alisema hivyo bila kupepesa macho, kama mtu anayeeleza kwamba chai huwekwa sukari. Nikamwambia huku hakuna anayejua jambo hilo, huku watu wanaona uchafu tu.

"Atapita anayejua," alisema.

Ningependa kusema nilimwamini. Nilichofanya ni kuinua simu nimwombe yule mama akate ili nipige namba ya dharura, na wakati huohuo gari jeupe la kupeleka vifurushi likatupita, likapunguza mwendo, likasimama. Taa za nyuma zikawaka. Likarudi kinyumenyume mpaka pale yalipoanzia matawi. Akashuka kijana mweusi ndani ya kizibao cha kung'aa, anapandisha barakoa puani, na macho yake hayakuwa kwetu, yalikuwa chini, kwenye majani.

"Mzee, habari," alisema, kwa Kiswahili cha Nairobi kabisa. "Nimeona matawi nikasema aii, hii ni ya kwetu. Ni nani amekwama?"

Babu hakuonyesha mshangao wowote. "Dereva mwenzetu," alisema, na kunyoosha mkono. "Humo ndani."

Kijana hakuuliza swali la pili. Alipanda juu ya pipa la taka la Kolin, akashika ukuta, akaruka. Tulisikia viatu vyake vikitua, kisha hatua, kisha sauti yake ikabadilika. Alisema mzee yuko chini, anapumua, lakini mguu umekaa vibaya, na nipige simu sasa hivi. Yule mama mpole alikuwa bado yuko kwenye laini. Nikamkata. Nikapiga namba ya dharura, na Kiingereza changu, kile nilichokuwa naringia kila siku, nikakitumia vizuri kuliko siku yoyote: nikataja mtaa, nikataja namba ya nyumba, nikaeleza mtu ni nani na amelala wapi. Nyuma yangu Babu alikuwa anamwelekeza kijana juu ya ukuta: panda upande wa usukani, shika ile kamba yenye kitufe cheusi chini, vuta, vuta usiachie. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mtaa mzima ukawa kimya, na katika kimya kile tukamsikia Kolin kwa mara ya kwanza. Alikuwa anaita. Alikuwa ameita muda wote ule.

Aliteleza kwenye ngazi ya lori akiwa anashuka kufuata miwani yake, umande ulikuwa umeilowesha ngazi, akavunjika nyonga. Alilala kwenye saruji baridi karibu na gurudumu, na sauti yake ilimezwa na injini. Majirani wote walisikia mngurumo wa kila siku wakaendelea na shughuli zao. Watu wa ambulansi waliokata mnyororo walisema angekaa pale mpaka jioni tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Walipompitisha kwenye machela, uso umekuwa mweupe kama unga, aligeuza kichwa akimtafuta mtu. Babu alikuwa amevua kofia. "Dereva," Kolin alisema. Babu akaitikia kwa neno hilohilo.

Kijana wa vifurushi hakuweza kukaa, gari lake linahesabiwa dakika, alisema, na bosi anaona kwenye ramani kila anaposimama. Alimuaga Babu kwa mikono miwili, kwa mbali, kama tulivyofundishwa kuagana siku zile. Alisema baba yake naye alikuwa dereva wa lori, wa njia ya Malaba, na kwamba angepita yale matawi bila kusimama asingeweza kumpigia simu mzee wake jioni. Hatukumuuliza jina. Nimejuta hilo mara nyingi.

Ambulansi ilikuwa imeondoka muda si mrefu nilipoona gari la Mama linaingia mtaani. Yule mama wa simu alikuwa amempigia kumwambia kuna mtoto amemkatia. Mama alikuja kwa kasi, akayaona matawi, na gari likasimama palepale kwa kishindo. Aliliacha katikati ya barabara, mlango wazi, akaja anakimbia na sare ya kazini, kiatu kimoja kimemtoka. Mimi ilinibidi nielezwe. Mama hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alizaliwa Kasulu, kabla familia haijarudi Burundi, katika nyumba ya dereva. Alikua akiyaona matawi yale na kushika pumzi mpaka ajue ni lori la nani.

Alitukumbatia sote wawili, akatupapasa vichwa na mikono kama anatafuta palipovunjika. "Nimeona matawi," alikuwa anasema. "Baba, nimeona matawi." Babu akamtuliza, akamwambia ni Kolin, ameshapata watu. Mama akamwachia, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama vizuri baba yake, majani kwenye nywele na utomvu kwenye koti la kanisani. Nilimwona anawaza. Sijawahi kuona mtu anawaza waziwazi namna ile.

"Nilidhani umeshasahau kila kitu," alisema.

"Nimesahau siku," Babu alijibu. "Siku za huku zote zinafanana. Sasa tutoe haya matawi, aliyekwama ameshaondoka, tusisumbue watu." Tukayaokota, sote watatu, Mama na kiatu kimoja.

Kolin alifanyiwa upasuaji na akapona, ingawa polepole. Binti yake alikuwa anaishi jimbo jingine na mipaka imefungwa, hawezi kuja. Alimpigia Mama simu kushukuru, akalia, kisha akacheka akiwa bado analia, akasema baba yake anawasumbua wauguzi. Hataki kusikia habari ya nyonga. Anataka kujua ni nani anaiwasha Bedford asubuhi, maana injini ile ikilala wiki mbili itagoma, na amesema kuna mtu mmoja tu anayemwamini. Ufunguo wa kufuli jipya ukaletwa kwetu kwenye bahasha.

Yule mama wa simu alipiga tena. Ilikuwa asubuhi, siku ya mapumziko ya Mama, ameketi kwenye kiti cha dirishani cha Babu na kikombe chake cha chai. Aliweka sauti ya juu ili na mimi nisikie. Yule mama akasema kitanda bado kipo, lakini wengine wanakisubiri, na maswali yenyewe hayachukui muda. Aliuliza mzee anaendeleaje. Mama akasema anaendelea vizuri. Akauliza kama leo anaweza kuongea naye.

Hapo ng'ambo ya uzio Bedford ikaguna mara moja, ikaguna tena, ikawaka. Mngurumo ukaingia mpaka kwenye kikombe, chai ikatetemeka. Tulimwona Babu juu ya usukani, kofia kichwani, anasikiliza injini kwa utulivu wa mtu aliyefika kwake. Yule mama akauliza kelele ile ni ya nini.

Mama alinitazama. Nilikuwa nimeshika pumzi, naona kitanda, naona kioo, naona kiganja changu juu yake.

"Huyo ni baba yangu," Mama alisema kwa Kiingereza, polepole, ili asieleweke vibaya. "Kitanda mpe mtu mwingine. Huyu yuko kazini."